Maji Yaende Wapi?

Mei 2024, mvua ilipokuwa imekataa kupumzika, chifu alituita barazani. Amri ilikuwa imetoka Nairobi: waliojenga kandokando ya mito wahame. Tangu Machi nchi ilikuwa imezika karibu watu 300, na habari za mafuriko ya Mai Mahiu zilikuwa bado mbichi kwa kila mwenye redio. Sisi wa Asumbi tulikwenda kusikiliza shida za wengine. Tuko juu, kwenye barabara itokayo Rongo kwenda Rodi Kopany na Homa Bay. Maji hapa hayakai, yanapita tu. Chifu alipomaliza, mzee mmoja aliinua mkono akauliza, "Watu watahama, sawa. Na maji yaende wapi?"

Watu walicheka. Chifu naye alicheka, akafunga baraza. Mimi nilirudi nyumbani na swali lile, kwa sababu najua maji yalikokuwa yakiishi kabla ya kufukuzwa. Yaliishi bondeni, chini ya boma letu, ndani ya mafunjo.

Mvua inayopiga mabati ya Asumbi haiishii Asumbi. Inaingia mitaroni, mitaro inaingia vijitoni, vijito vinaingia mto Riana, Riana inaingia Kuja, na Kuja ndiyo inayowatoa watu wa Nyatike majumbani mwao masika yakizidi. Baada ya hapo ni ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na wengi waliokaa ufuoni wakahama. Sisemi kwamba bonde letu dogo ndilo lililolijaza ziwa. Ziwa lile hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe. Kuja ni habari nyingine. Kuja ni mto, na mto hujazwa na miteremko, na mteremko ni paa langu, paa la jirani yangu, uwanja wa shule na barabara ya lami.

Nyanya yangu mzaa baba alitengeneza mikeka. Kila kiangazi cha Januari, maji yaliposhuka, yeye na wanawake wenzake waliingia kinamasini na mundu, na sisi watoto tukabaki ukingoni kupokea matita. Mafunjo yale yalituzidi kimo sisi na waliotuzaa. Yakistawi hupita mita 4, na mashina yake yanayotambaa chini husukana hadi mtu mzima anaweza kutembea juu yake, ingawa kila hatua inatikisika. Zilikuwepo sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Unakata juu ya maji, si chini yake, kwa maana bua lililokatwa chini ya maji huingiza maji ndani na kuoza hadi shinani. Unaacha machanga. Upande uliokatwa mwaka huu haukatwi mwaka ujao. Binamu yangu alipokata chipukizi, nyanya alimnyang'anya mundu mbele ya watu wote na kumwambia, "Nenda kachunge mbuzi, wewe na wao mnakula sawasawa."

Mikeka hiyo ilifanya kila kazi. Tulilalia, tulianikia omena na mtama, iliwekwa chini ya paa kuzuia joto la mabati, na siku ya soko ilibebwa kichwani ikiwa imeviringishwa kwenda kuuzwa. Humo kinamasini aliishi ndege mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano. Nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposoma kwamba ndege huyo karibu haonekani nje ya mafunjo: mafunjo yakiondoka, naye anaondoka, hana pa kuhamia. Na chini kabisa, bonde lilipopinda, ilikuwepo chemchemi. Januari, wakati wenzetu wa upande wa Ndhiwa walipotembea mbali kutafuta maji, ile ya kwetu ilitoka.

Wakati ule nilijifunza kazi tu: kupokea, kufunga, kubeba. Hakuna aliyeniambia kwamba chemchemi na mafunjo ni mali ya mwenyewe mmoja. Ilinibidi nisomee ualimu, nisimame mbele ya darasa na chaki mkononi nikieleza jinsi udongo wa kinamasi, uliojaa mabaki ya majani yasiyooza yakaisha, unavyoshika maji ya masika na kuyaachia polepole hadi kiangazi, ndipo nikajua nilikuwa nafundisha habari za kwetu. Kitabu cha wanafunzi kilikuwa na picha ya kinamasi cha nchi nyingine.

Kilichokiondoa kinamasi chetu hakikuwa uovu. Miaka ya 1980 na 1990 mashamba yaligawanywa, vijana wakaoa, na ardhi ambayo haikuwa ya mtu ikawa ya watu. Wengine walichimba mitaro wakapanda sukumawiki na nduma. Wengine walifyatua matofali. Wengi zaidi walipanda mikaratusi, na washauri wa kilimo wa siku hizo waliisifu: inakua haraka, inauzwa kwa nguzo, na inakausha tope, hivyo mbu wanakwisha. Yote matatu yalikuwa kweli. Karo ya wadogo zangu wawili ilitoka kwenye nguzo hizo, na yeyote anayewalaani wazee wetu kwa kupanda mikaratusi sharti kwanza aseme karo ingetoka wapi.

Chemchemi haikukauka kwa siku moja. Kwanza mtungi ulianza kuchukua muda mrefu kujaa. Kisha foleni ikawa ya alfajiri. Kisha Januari moja wanawake walikuta tope. Mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na kwenye ardhi oevu ikatwe. Kwetu msumeno ulipita kwa baadhi, ukaruka wengine, na iliyokatwa ilichipua upya kutoka visikini, kila kisiki kikatoa miti mitatu minne mahali pa mmoja. Anayeijua mikaratusi hakushangaa. Kutoka hapo niliacha kuamini kwamba kinamasi kinaweza kurudishwa kwa kukata kitu. Kinarudishwa kwa kurudisha maji, na maji ya kurudisha yako juu ya mabati yetu.

Mambo mawili niliyaona mbali na nyumbani, nitayapitia kwa ufupi.

La kwanza ni Kampala. Sisi Wakatoliki wa Asumbi tuna desturi ya kwenda kuhiji Namugongo siku ya mashahidi, 3 Juni. Mwaka mmoja, hija ilipokwisha, mwenyeji wetu alinipeleka kuona kinamasi cha Nakivubo. Maji machafu ya mji ule, pamoja na yale yanayotoka kwenye mitambo ya majitaka ya Bugolobi, hupitia humo kabla ya kufika ghuba ya ziwa, na mji huvuta sehemu ya maji yake ya kunywa Gaba, kwenye ghuba hiyohiyo. Mafunjo yaliyobaki yalikuwa upande wa ziwa, mizizi yake ikining'inia majini na kunyonya uchafu ambao mwani ungeushiba. Upande wa juu palikuwa na nduma, safi, zenye majani mapana, za mtu anayelisha watoto. Mji mzima ulikuwa umekabidhi figo zake kwa majani, na majani yenyewe yalikuwa yakipungua kila msimu wa kupanda. Mwenyeji wangu aliniambia, "Mwalimu, hapa kila mtu anajua. Kujua siyo shida yetu."

La pili ni Maryland, Marekani, nilipokwenda kumtembelea binti yangu. Wakenya ni wengi kule. Jumapili, nje ya kanisa, pembeni mwa maegesho ya magari, niliona kibonde cha kina cha kiganja na nusu, kimepandwa majani ambayo nilitaka kuyaita kwa jina la nyumbani. Yalikuwa ya ukoo wa ndago, wenye bua la pembe tatu ambalo ukilizungusha katikati ya vidole unazisikia kingo zake. Mhudumu wa kanisa alinieleza kuwa ile ni bustani ya mvua: maji ya paa na ya lami yanaingia, yanatulia, yanazama ardhini, na siku ya pili pamekauka. Katika kaunti hiyo, Prince George's, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaa mpya wa Somerset ulijengwa hivyo, kila nyumba na kibonde chake, badala ya kuchimba bwawa moja kubwa la kupokea maji ya mtaa wote. Nilimuuliza miche ilitoka wapi. Akasema ni majani ya vinamasi vya kwao. Ya mbali hayajui hali ya hewa yao. Nilipiga picha. Binti yangu alinicheka kwamba nimevuka bahari kupiga picha nyasi.

Niliporudi nilianza na hesabu, kwa sababu hesabu haina siasa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yangu ina paa la mita 10 kwa 8. Mvua moja ya masika ya milimita 30, ambayo kwetu si ajabu, inashusha lita 2,400 kutoka paa hilo peke yake. Tangi langu linajaa mapema, na yaliyobaki yalikuwa yakikimbilia barabarani. Kibonde cha mita 12 za mraba chenye kina cha sentimita 15 kinapokea lita 1,800 kwa mkupuo, na mengine huzama mvua ikiendelea au hutoka kwenye mdomo uliopangwa mawe upande wa chini.

Udongo ndio uliokuwa na neno. Huku una mchanganyiko: mwekundu kuelekea Kisii, mweusi kuelekea Ndhiwa, na boma langu liko kwenye ule mweusi. Ukinyeshewa unafura na kujifunga. Ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza mkono. Kijana aliyenisaidia alichimba shimo la sentimita 30, tukalijaza maji mara mbili, na ile ya pili tukaangalia saa. Maji yalishuka kwa uvivu. Basi tulichimba chini zaidi, tukachanganya mchanga wa mtoni na samadi iliyooza vizuri, tukarudishia, tukasawazisha chini pawe bapa kabisa ili maji yasijikusanye kona moja. Pahali penyewe ni hatua kadhaa kutoka ukutani, mbali na choo, na gata ya paa inaleta maji kwa mtaro mfupi wa kokoto ili yasifukue.

Kisha likaja swali la nini kipandwe, na hapa ndipo nilipomhitaji mama mmoja wa bondeni ambaye bado anatengeneza mikeka, mmoja wa wachache waliobaki. Nilikuwa na mafunjo moyoni. Shule moja jirani, jina naliacha, ilikuwa imeyaleta kutoka ufuoni kwa lori na kuyapanda mbele ya ofisi. Yalipendeza hadi Desemba, na Februari yalikuwa kuni. Mama alitazama kibonde changu, akaingia ndani, akalikanyaga tope kwa kisigino.

"Mwalimu, mafunjo ni ya maji yasiyoondoka. Hapa kwako maji ni mgeni, yanalala usiku mmoja mbili yanaaga. Chukua ndugu yake mdogo, yule anayesimama pembeni. Yeye amezoea kuachwa."

Ndugu mdogo huyo ana bua la kimo cha kiuno cha mtu mzima au zaidi kidogo, na kichwani majani yaliyotawanyika kama mwavuli usio na kitambaa. Wataalamu humwita Cyperus involucratus. Ni wa Afrika hii ya kwetu, humea kingo za vijito, na Nairobi huuzwa kwenye vitalu vya maua kuwa pambo la vidimbwi vya matajiri. Sisi tulimpata bure. Ndani ya bua mna mianya ya hewa inayoshusha pumzi hadi mizizini wakati udongo umezama. Na kiangazi kikikaza, juu hukauka, chini hubaki hai pakisubiri. Mmea unaostahimili kuzama na kukauka, tena mahali pamoja, katika mwaka mmoja, si wa kawaida, na bustani ya mvua haitaki mwingine.

Tuliupanda kwa njia mbili. Ya kwanza: unachimba kichaka, unakigawa kwa panga, kila kipande kikiwa na macho ya kuchipua, unapanda kwa nafasi ya sentimita 40 mvua za Machi zinapoanza. Ya pili waliipenda wajukuu: unakata kichwa na kipande kidogo cha bua, unapunguza ncha za majani, unakigeuza kichwa chini miguu juu ndani ya karai la maji kivulini. Baada ya wiki chache mizizi inatoka katikati ya mwavuli. Mjukuu wangu mmoja alipeleka karai lake shuleni na kurudi na maswali ambayo mwalimu wake alimwambia amuulize babu.

Majirani walikuja na hoja, na sikuidharau hata moja.

Ya kwanza ilikuwa mbu. Hapa mbu si mzaha. Homa Bay ndiko chanjo ya malaria ilikozinduliwa Septemba 2019 ilipoanza kutolewa nchini, na hakuna boma ambalo halijalala hospitali na mtoto mwenye homa. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba nikimletea kinamasi mlangoni ataniitia afisa wa afya. Nilimwomba aje baada ya mvua. Yai la mbu wa malaria linahitaji kama wiki moja au zaidi ya maji kabla mbu hajaruka. Kibonde kinachokauka ndani ya siku mbili hakimpi nafasi hiyo. Alikuja jioni mvua ilipokatika, akakuta maji yamesimama, akanung'unika. Kesho yake hakuja. Keshokutwa alikuja, akakuta tope, akachukua kijiti akakichomeka ili kuhakikisha. Akaenda zake bila kunisifu, lakini afisa wa afya hakufika. Ningemwambia pia kwamba nyayo za ng'ombe barabarani na mashimo ya matofali ndiyo malezi ya mbu wetu, ila nilinyamaza. Shimo moja la matofali lilikuwa la mumewe.

Hoja ya pili ilikuwa kali zaidi kwa sababu ilitoka kwa mkulima. "Mwalimu, mimi namwaga jasho nikiing'oa ndago, na wewe unaipanda?" Kweli ni ukoo mmoja. Ndago ya shambani ina viazi vidogo vilivyofungana chini kwa nyuzi. Ukivuta jani, kiazi kinabaki, na jembe linakisambaza. Ni miongoni mwa magugu yanayochukiwa zaidi duniani. Niliyoipanda mimi haina viazi hivyo, hukaa kwa kichaka kinachonenepa kutoka katikati. Ina mbegu, hata hivyo, na mbegu husafiri na maji. Basi tuliafikiana: vichwa vya upande wa shamba lake nakata kabla havijakomaa. Nadhani mazungumzo ya mazingira katika nchi hii yangekuwa na tija zaidi kama wanaohubiri kupanda wangekaa kwanza na wanaopalilia.

Nyoka? Wapo, na walikuwepo kabla. Napunguza kichaka kikizidi.

Masika ya kwanza bustani ilijaa, ikamwaga kidogo upande wa mawe, ikanywa yaliyobaki. Barabara mbele ya lango langu haikuchimbika. Kiangazi kilipokuja majani yakawa ya rangi ya chai, na jirani mmoja akanipa pole. Machi ilipogeuka, yalichipua kabla ya mahindi. Mbuzi walifanya mavuno yao pia, sikuwaalika. Na yule mama wa mikeka alikuja na mundu, akakata bila kuuliza, machanga akayaacha. Aliniambia mabua yenyewe ni mafupi kwa mkeka wa kulalia, lakini yanafaa ungo na kawa.

Nimeshinda wapi? Si pengi. Lita 1,800 ni kikombe mbele ya Kuja. Lakini soko la Asumbi lina mapaa mangapi? Shule zetu, chuo cha ualimu, kanisa, zahanati, kila moja ina mabati ya kuzidi yangu mara nyingi, na kila moja inamwaga barabarani. Kijana mmoja anayesimamia ujenzi wa mitaro alinipa kiti, akasikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Mzee, mtaro ni wa kupeleka maji. Wa kuyaweka hauko kwenye mchoro." Nami namwelewa: zege hupimwa kwa mita na kulipwa kwa mita, na majani hakuna anayejua ayapime kwa nini. Nilimwachia karatasi yenye hesabu ya paa langu. Amenipigia simu mara moja kuuliza kuhusu kina.

Kinachonishughulisha sasa ni miche. Kila anayetaka kupanda ananituma bondeni, na bondeni kumebaki kipande kimoja chenye mafunjo halisi pembeni mwake na ndugu zake wadogo, ukubwa wa viwanja viwili vya nyumba. Mwenyewe anataka kukigeuza cha matofali. Ana mtoto anayeingia sekondari, na matofali yana mnunuzi. Kikundi cha wanawake wanne kimemtajia bei ya kukata mabua na kuchimba miche kwa mwaka mzima, sehemu ikilipwa kabla ya shule kufunguliwa. Bei hiyo ni chini ya ile ya matofali kwa mwaka huu, ila matofali yakishauzwa hakuna cha mwaka ujao. Amesema atafikiri. Mimi pia nimechangia kidogo kwenye ile ya wanawake, na nimemwambia mwenye shamba hivyo, asije akadhani ninatoa ushauri wa bure.